Mzigo Ndio Injini: Siku Tatu Kwenye Miteremko ya Kirumba

Chukudu yenye mzigo, ile skuta kubwa ya mbao isiyo na injini, utaisikia kabla hujaiona. Mlio wake ni wa mti unaosugua mti: huanza kama mlango mbovu wa jirani, na ikikaribia huwa kama watu wanaoburuta kabati juu ya sakafu ya mbao. Nilikuwa nimesimama kwenye kona moja juu ya Kirumba, mji wa Lubero huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, saa kumi na mbili unusu asubuhi, ukungu ungali umelala bondeni, nikausikia mlio huo ukiteremka. Mama aliyekuwa akipanda na kikapu mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso kama wanawake wa Kinande wabebavyo, akaingia mtaroni bila hata kuinua macho. Watoto wawili wenye madumu ya maji wakamfuata. Mbuzi akavutwa kamba. Mimi tu ndiye niliyebaki katikati ya barabara, simu mkononi, nikitafuta picha nzuri, mpaka mkono wa mtu ukanishika ukosi, na sauti ikaniita yaya, yaani mkubwa wangu.

"Yaya, toka! Ile haina namna ya kukungojea."

Zikapita mbili, moja ikiifukuza nyingine, magunia ya viazi yamepangwa juu yake hadi usawa wa kifua cha dereva. Wa kwanza alikuwa amepiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukining'inia hewani kama wa ndege anayetaka kutua. Wa nyuma alikuwa amesimama, mwili wote ameulaza kulia, maana kona ilikuwa ya kulia na upande huo hapakuwa na ukingo wowote, palikuwa na bonde. Wakapotea. Vumbi jekundu likabaki limening'inia, na mlio ukaendelea kusikika chini yetu kwa muda mrefu, ukihama kutoka kona hii hadi ile. Wazee waliokuwa wakiota jua mbele ya kibanda cha vocha waliusikiliza kama watu wasikilizavyo mpira redioni.

"Amempita," mmoja akasema.

Hakuwa ameona kitu. Nilipouliza baadaye sokoni, niliambiwa ni kweli: yule wa nyuma ndiye aliyetangulia kufika.

Nimekulia Butembo, na ugonjwa wangu wa mashindano ya magari ulianzia kwenye redio ya mjomba, ambayo usiku wa Pasaka ilikuwa ikiikamata Nairobi. Safari Rally, iliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, sisi hatukuwahi kuiona, tuliisikia tu. Tulijua kwamba Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, na hilo lilitufurahisha kupita ushindi wenyewe, kwani kila gari tulilolifahamu lilikuwa limekwisha kutumika. Tulijua kwamba Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, yaani jirani wa ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, alishinda mara tano. Majina hayo tuliyakariri kama wengine walivyokariri watakatifu.

Mwishoni mwa Juni 2021, mashindano hayo yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, tulikuwa watu saba juu ya simu moja ndani ya duka la vipuri mjini Butembo. Tukatazama vipande vya video kutoka Naivasha: Toyota ya Sébastien Ogier, ambaye ndiye aliyeshinda, na magari mengine yakizama kwenye vumbi laini lile linaloitwa fesh-fesh, vumbi kama unga wa muhogo. Mfanyakazi wa duka, kijana wa Kirumba, alitazama kwa heshima zote, kisha akasema kwamba kwao wanafanya hivyo kila siku ya soko, tena bila petroli. Wote wakacheka. Wiki mbili baadaye nilikuwa njiani.

Kutoka Butembo unaifuata barabara ya taifa namba 2 kwenda kusini. Nilipanda pikipiki, ambayo huku kwetu huitwa moto, jina linalowachekesha Waswahili wa pwani mpaka siku watakapoigusa ekzosi kwa shavu la mguu. Unapita Musienene, kati ya Butembo na Lubero unaivuka ikweta, na mtu akikuambia kwamba ikweta ni joto, mlete hapa saa moja asubuhi bila koti. Dereva wangu alikuwa amevaa makoti mawili, moja mbele kwa nyuma ili upepo usipate mlango. Baada ya Lubero barabara huanza kujipinda kwa namna ambayo unaona mahali ulipopita nusu saa iliyotangulia, palepale, ng'ambo ya korongo, umbali wa kutupa jiwe. Kitsombiro. Alimbongo. Kaseghe. Vizuizi vilikuwa vingi; Mei mwaka huo serikali ilikuwa imeweka jimbo zima chini ya utawala wa kijeshi, na kila kamba iliyofungwa barabarani ilikuwa na mtu wa kuishusha na sababu ya kutoishusha.

Lakini milima ile! Watu wa Lubero hulima mpaka kileleni. Ukitazama upande wa pili wa bonde unaona mashamba yamesimama wima kama nguo zilizoanikwa ukutani: maharagwe, vitunguu, ngano, viazi, kabichi, na katikati yake vichaka vya mikaratusi. Mkulima wa huku akiteleza shambani kwake anaweza kujikuta katika shamba la shemeji yake. Upande wa mashariki nchi inaporomoka kuelekea Bonde la Ufa na Ziwa Edward, na ukiendelea kusini, ukaipita Kirumba, Kayna na Kanyabayonga, barabara inajitupa kwenye mteremko wa Kabasha hadi tambarare ya Rwindi, ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambayo ilitangazwa mwaka 1925. Kwa ufupi, hapa mungu wa miteremko hakubana mkono. Chakula chote kinalimwa juu. Soko liko chini. Ukishaelewa mambo hayo mawili, umeielewa chukudu.

Kirumba yenyewe haijipambi kumpokea mgeni. Ni mji uliojinyoosha kando ya barabara, mabati yaliyoshika kutu na mabati mapya yakipokezana, nyumba za mbao na za matofali ya udongo, maduka ya kuchajia simu kwa jua, makanisa ambayo kwaya zake hushindana hata siku za kazi. Siku ya soko mji huo huvimba mara tatu. Nilifikia kwa mama mmoja mwenye vyumba vinne vya wageni na sheria moja: viatu vyenye tope vibaki nje, hata kama ni kiangazi. Jioni aliniletea obundu, ambao wengine huuita ugali, pamoja na sombe na kipande cha samaki wa Ziwa Edward kilichokaushwa kwa moshi. Nikamwambia nimekuja kutazama chukudu. Alinitazama kama mtu aliyesema amesafiri kilomita zote hizo kuja kutazama mifagio.

"Unaandika?" akauliza.

"Naandika."

"Basi andika kwamba zinaharibu barabara."

Karakana niliyoipata siku ya pili haikuwa na ukuta wala kibao. Ilikuwa kivuli cha mparachichi, gogo la kukalia, na fundi wa makamo aliyefanya kazi na tezo, panga, msumeno na nyundo, mengine akiyafanya kwa macho. Ubao mrefu wa mkaratusi ndio mwili wa chukudu. Mbele hukaa uma unaoshika gurudumu, na juu yake usukani, ambao kwa kweli ni pembe mbili za mti, umbo lake likikukumbusha fahali aliyeinamisha kichwa. Magurudumu huchongwa kwa mti mgumu zaidi, kisha huvikwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu la lori na kupigiliwa misumari. Kwenye ubao, mahali pa kuwekea goti, hupigiliwa kipande cha kandambili. Nyuma, juu ya gurudumu, kuna ulimi mwingine wa tairi: ukiukanyaga, unalisugua gurudumu. Hiyo ndiyo breki. Hakuna nyingine.

Alikuwa akimaliza moja aliyoianza siku mbili kabla. Kilichonishangaza ni muda alioutumia kwenye tundu la ekseli. Alilikwangua, akapuliza, akaingiza kidole, akazungusha gurudumu na kuliegemezea sikio. Akakwangua tena. Akalipaka mafuta ya mawese. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akaniambia kila chukudu ina sauti yake, na mwenye nayo akisikia sauti imebadilika mteremkoni, anajua kilichokatika kabla hakijakatika. Nikamkumbuka yule mzee wa kibanda cha vocha.

Watu wa Goma hupenda kuamini kwamba chukudu ni yao, na wana ushahidi: katikati ya mji wao, kwenye mzunguko wa barabara, kuna sanamu yake kubwa ya rangi ya dhahabu. Mafundi wa Lubero hawaibishii sanamu. Wanauliza tu mti wa kutengenezea Goma waliutoa wapi, ilhali mji wao umejengwa juu ya mawe ya volkano. Wengi husema chombo hiki kilienea Kivu miaka ya 1970, na hilo linaingia akilini. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kutaifishwa kwa maduka na mashamba ya wageni. Biashara zikaanguka, vipuri vikaadimika, barabara zikaachwa kwa mvua. Nchi ikabaki na miteremko na misitu. Mtu fulani, ambaye hana sanamu popote, akaona kwamba vitu hivyo viwili vinatosha.

Sasa mashindano yenyewe. Usitafute mstari wa kuanzia, wala bendera, wala kikombe. Siku ya soko, alfajiri, machukuderi, ndivyo wanavyoitwa, hukusanyika juu mlimani mahali magunia yanapopakiwa. Manne, matano, kila moja karibu kilo mia, yamefungwa kwa kamba zilizokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi. Hushuka mmoja mmoja, wakipeana nafasi, na kwa kilomita ya kwanza kila mtu ni mtu mzima anayejiheshimu. Kisha mmoja anasikia mlio nyuma yake. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, au yanapotengenea, inategemea umesimama wapi.

Sababu ya haraka si utoto. Nilielezwa na mwanamke mmoja, mnunuzi wa viazi, ambaye kila siku ya soko hukaa chini ya mteremko na daftari lake. Lori linalokwenda Butembo likianza kupakia, magunia ya kwanza hupata bei ya asubuhi. Yakishafika mengi, bei huanza kuchuchumaa. Dakika kumi zinaweza kuwa tofauti ya sabuni na sukari ya wiki nzima. Mama huyo anawajua wote kwa mlio wa magurudumu yao na hutaja jina kabla kona ya mwisho haijamtoa mtu. Alikosea mara moja tu nilipokuwa pale, na kijana aliyetokea badala ya yule aliyetajwa alipigiwa vigelegele ambavyo sidhani Ogier alivipata Naivasha.

Machukuderi wana sheria, ingawa hazikuandikwa. Tupu humpisha mwenye mzigo, hata kama tupu inapanda kwa jasho na mwenye mzigo anashuka kwa raha. Hakuna kupita ndani ya kona yenye bonde. Ukiona mtu amevua kofia na kuipeperusha chini yako, kuna gari linapanda, na mashindano yamekwisha hapo hapo bila mshindi. Anayeanguka husaidiwa na aliye nyuma yake, yaani yule ambaye angenufaika zaidi kwa kumwacha. Niliuliza kama sheria hiyo ya mwisho hufuatwa. Wakanitazama vibaya, nikaelewa kwamba sikupaswa kuuliza.

Mbio zinazozaliwa na mzigo haziko huku tu. Huko Marekani kuna mchezo wa magari wenye mabilioni ya dola uitwao NASCAR, na wenyewe hupenda kusimulia kwamba ulizaliwa na wabeba magendo. Katika milima ya Appalachia, miaka ya 1930 na 1940, vijana walisafirisha pombe haramu usiku, wakikwepa polisi kwa magari waliyoyafanyia ufundi wenyewe, na Jumapili wakashindana kwenye viwanja vya udongo kujua nani ana mkono mwepesi. Shindano la kwanza la daraja lao kuu lilifanyika Charlotte tarehe 19 Juni 1949, juu ya vumbi. Junior Johnson, mmoja wa madereva wao wakubwa, alifungwa jela mwaka 1956 kwa sababu ya pombe ya familia. Rais Reagan alimsamehe miaka 30 baadaye. Kisha fedha ziliingia, lami ikaingia, na baada ya 1970 daraja hilo kuu halikukanyaga udongo tena hadi 2021, mwaka uleule Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia, pale walipomwaga udongo juu ya uwanja wa zege wa Bristol ili kuonja ladha ya zamani. Walikuwa na udongo bure, wakauzika, wakaja kuununua kwa malori.

Na chukudu ina binamu wa karibu zaidi. Tangu 1934 watoto wa Marekani hushindana kwa vigari visivyo na injini, vinavyoteremka kilima kwa uzito wake tu. Wakubwa wa mashindano hayo huko Akron, Ohio, hupima uzito wa gari pamoja na mtoto ili asiwepo aliyemzidi mwenzake. Nilipowasimulia vijana wa Kirumba, mmoja alidhani nimekosea maneno. Uzito wapunguziwe? Kwa nini mtu akubali kupunguziwa uzito?

Swali lake sikulielewa mpaka nilipopanda. Nilimwomba mmoja wao aniachie chukudu yake tupu kwenye kipande cha mteremko ambacho hata bibi kizee angekidharau. Nikapiga goti, nikasukuma mara mbili, ikaenda. Kwa hatua ishirini nilikuwa mfalme. Kisha gurudumu la mbele likakutana na jiwe dogo kama yai, pembe za usukani zikageuka zenyewe, na nikashuka kwa njia ambayo haikuwa kwenye mpango. Goti likachubuka, suruali ikafunguka mdomo. Watoto waliokuwa wakitazama, kila mmoja na chukudu yake ndogo ya kuchezea iliyochongwa na kaka au baba, hawakucheka mara moja. Walingoja kwanza waone kama nitasimama, ndipo wakacheka kwa nguvu zote.

Mwenye chombo aliniinua, akanipangusa vumbi kwa heshima, akaniambia kosa langu ni kupanda tupu. Tupu hurukaruka, kila jiwe linaitawala. Mpaka uipe kitu cha kubeba ndipo inapokaa chini na kusikiliza. Halafu akanionyesha kwa mkono magunia manne yaliyokuwa yakisubiri. "Kesho wewe utakuwa gunia la tano."

Kwa hiyo siku ya tatu nilishuka Kirumba nikiwa viazi. Walinikalisha juu kabisa, nyuma, mgongo kwa njia, nikitazama tulikotoka, kwa hoja kwamba anayetazama mbele huegemea upande usiotakiwa kwa sababu ya woga. Sikuona kona hata moja ikija. Niliona zikienda: ukingo wa barabara unaibuka chini ya miguu yangu, unajikunja, unakimbia. Mwanzoni mlio ulikuwa mnene na wa polepole. Kisha ukapanda. Nikahisi magunia chini yangu yakitulia, yakijibana, na chombo chote kikawa kitu kimoja, kizito, kisichojali mawe. Kijana hakukanyaga breki. Alikuwa akiitafuta njia ambayo malori yameilainisha, upana wake kama kiganja na nusu, akiiacha na kuirudia, na kila alipoirudia mlio ulibadilika na kuwa laini kama mtu aliyemeza maji. Udongo wa pale si mmoja. Kuna mahali pa udongo mwekundu ulioshindiliwa, unaokwenda kama sakafu. Kuna mahali pa changarawe, ambapo meno yangu yalipigana. Kuna mahali, chini ya mikaratusi, ambapo jua halifiki na unyevu wa usiku haukauki, na hapo aliniambia neno moja tu kwa Kinande ambalo sikulijua, lakini mwili wangu ulilielewa: nikashika kamba kwa mikono miwili. Tuliteleza kidogo, ubavu ubavu, kama ng'ombe anayeteremka mtoni, kisha ikashika tena.

Nyuma yetu, yaani mbele ya macho yangu, akatokea mwingine. Nilikuwa na nafasi ambayo hakuna mtazamaji wa Safari aliyewahi kuipata: kumtazama mpinzani usoni kwa dakika nzima. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, jezi ya manjano ya timu ya Ulaya, jasho na vumbi vimemchora masharubu. Hakuwa na hasira wala tabasamu. Macho yake hayakunitazama mimi kabisa. Yalitazama gurudumu letu la nyuma, kama msomaji atazamavyo mstari unaofuata. Kwenye kona yenye bonde alitulia nyuma, kwa sheria. Tulipoingia kwenye mnyooko wa mwisho alisogea pembeni, akainama mpaka kidevu kikagusa pembe, na magunia yake matano yakatupita polepole, taratibu kabisa, kama meli. Kijana wangu alisonya. Yeye alikuwa amebeba magunia manne na mwandishi, na mwandishi, alinieleza baadaye bila kunificha, ni mzigo usiolala vizuri.

Mama wa daftari alikuwa amekwisha kulitaja jina la yule mwingine.

Nani mwenye makala hii asingetaka kuishia hapo? Lakini kushuka ni dakika chache, na kupanda ni saa nzima na zaidi. Hilo wapenzi wa mbio huwa hawakai kulitazama. Baada ya soko nilipanda nao. Chukudu tupu husukumwa kwa bega, mwili umelala mbele, kichwa chini. Walikuwa sita, na yule wa jezi ya manjano alikuwa pembeni ya yule wangu, wakisukuma sambamba na kuzungumzia bei ya mpira wa tairi. Njiani walisimama kwa mama muuza kasiksi, wakanywa kikombe kimoja kimoja cha hiyo pombe ya ndizi, na aliyeshinda ndiye aliyelipa. Nilidhani ni aliyeshindwa ndiye angelipa. Wakanieleza kwamba hiyo haina maana: aliyeshindwa amepata bei ndogo, fedha atatoa wapi? Jua lilikuwa likishuka nyuma ya milima ya magharibi, na moshi wa jioni ukipanda kutoka kila kiambo, ukijipanga usawa mmoja juu ya bonde kama shuka. Kwenye mlima wa pili, watu wadogo kama siafu walikuwa bado wanalima. Sijawahi kuona mahali pazuri hivyo nikiwa nimechoka hivyo. Nikamwambia kijana wangu "wasingya", ambalo ndilo neno langu bora la Kinande, na akacheka lafudhi yangu ya mjini.

Mwisho wa Juni 2024 waasi wa M23 waliiteka Kanyabayonga, na muda mfupi baadaye wakaingia Kirumba. Njia niliyoipita kwa pikipiki ilijaa watu waliokuwa wakienda kaskazini kwa miguu, kuelekea Lubero na Butembo. Nilisimama kando ya barabara pale mjini kwetu nikiwatazama wakiingia. Magodoro, masufuria, mashine ya kushona, bibi mmoja aliyefunikwa blanketi, kuku ndani ya kikapu: sehemu kubwa ya vitu hivyo vilikuwa juu ya chukudu. Nikajikuta nafumba macho nisikilize. Barabara ikipanda hazina mlio wa kupendeza, ni mkwaruzo tu, na nyingi zilikuwa zimesukumwa siku kadhaa bila mafuta kwenye ekseli.

Kijana wangu alikuwa mmoja wao. Alinitafuta baada ya wiki mbili, kwa namba niliyokuwa nimemwandikia kwenye ganda la biskuti miaka mitatu kabla, naye alikuwa amelitunza. Amekuja na chombo chake, kimebadilishwa gurudumu la mbele. Sasa anabeba mifuko ya saruji na unga kati ya maghala na maduka ya Butembo, na kazi haikosekani, maana mji huu ni wa wafanyabiashara na kila kitu kinataka kuhamishwa. Nilimuuliza anauonaje mji wetu. Alisema watu wanalipa vizuri kuliko kwao. Kisha akatazama mtaa wetu, ambao ni mmoja wa mitaa yenye mteremko mkali kuliko yote Butembo, na nilikuwa tayari kuusifia.

"Vilima vya hapa ni vifupi, yaya," akasema. "Unaanza tu kusikia upepo, umeshafika."